Android kwenye laptopu: Android-x86, Bliss OS au Waydroid?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi zilizo nzima zimebaki njia panda. Windows 11 imezikataa, ama kwa sababu ya prosesa au kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kuzitupa ni hasara. Ndipo mtu anapoitazama simu yake ya RAM ya GB 3, inayofanya mambo chungu nzima bila kugoma, akajiuliza: kwa nini nisiitie hii laptopu Android?

Inawezekana, tena bure. Ila njia ziko kadhaa, na wengi huchagua kwa kutazama namba ya toleo: hii ni Android 13, ile ni 9, basi ya 13 ndiyo bora. Namba hiyo ingefaa itazamwe mwisho kabisa. Anza na programu unazozihitaji, kisha prosesa na kadi ya picha ya mashine yako. Ukishayajua hayo mawili, mara nyingi inabaki njia moja tu ya maana.

Ninazozilinganisha hapa ni tatu, zote za chanzo huria: Android-x86, Bliss OS na Waydroid.

Zinatofautiana wapi hasa

Android-x86 ndiyo mama wa wote. Mradi ulianza mwaka 2009, ukiongozwa na Chih-Wei Huang wa Taiwan, kwa kuchukua msimbo wa Android uliolenga zaidi prosesa za ARM za simu na kuufanya ukubali prosesa za Intel na AMD. Karibu kila Android ya kompyuta uliyowahi kuisikia ilijengwa juu ya kazi hiyo: Remix OS ya kampuni ya Jide, ambayo ilisitishwa mwaka 2017, Phoenix OS, PrimeOS ya Wahindi, na hata Bliss OS yenyewe. Toleo lake kubwa la mwisho lililo imara ni 9.0-r2, lililotoka Machi 2020.

Bliss OS ni ya kikundi cha BlissRoms, wale wale wanaotengeneza mifumo mbadala ya simu. Walichukua msingi wa Android-x86 wakaendelea nao pale wenzao walipopunguza mwendo: familia ya 14 ni Android 11, ya 15 ni Android 12, na ya 16 ni Android 13. Kuna matoleo yenye huduma za Google na mengine yasiyo nazo, kwa wasiotaka Google iwachungulie.

Waydroid, iliyoanza mwaka 2021, ina mtindo mwingine kabisa. Haichukui kompyuta nzima. Unakuwa na Linux yako ya kawaida, kama Ubuntu, na Android inaishi ndani yake kama mpangaji: inatumia kerneli (kiini cha mfumo) ya mwenye nyumba, kadi ya picha ya mwenye nyumba na mtandao wa mwenye nyumba. Haiigizi kompyuta ndani ya kompyuta, ndiyo maana ni nyepesi kuliko emuleta. Android yenyewe inatokana na LineageOS, mfumo mbadala huria wa simu.

| | Android-x86 | Bliss OS | Waydroid |
|---|---|---|---|
| Toleo la Android | 9 | 11, 12 au 13 | 11 au 13 |
| Inakaa wapi | Kwenye diski, peke yake au kando ya Windows | Vivyo hivyo | Ndani ya Linux |
| Prosesa | Hata za biti 32 | Biti 64 yenye SSE4.2 | Biti 64 kwa raha zaidi |
| RAM ya kukaa kwa raha | GB 2 | GB 4 | GB 8 |

Safu ya RAM ni kipimo changu mimi. Waydroid itawaka hata kwenye GB 4, lakini ukifungua na kivinjari cha Linux pembeni utaanza kusikia feni inapiga kelele.

Prosesa na kadi ya picha

Laptopu zinazouzwa sana kwetu zikiwa zimetumika ni zile zilizotoka maofisini nje: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Mwenye hizo ana bahati. Nyingi zina kadi ya picha ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na waifai ya Intel pia, vitu ambavyo kerneli ya Linux inavijua kwa miaka. Core i3, i5 au i7 ya kizazi chochote, hata cha kwanza, ina SSE4.2, yaani maagizo ya ziada ya prosesa ambayo Bliss OS inayadai.

Walio na Core 2 Duo ndio watakaokwama hapo. Intel iliingiza SSE4.2 mwishoni mwa 2008 na kizazi kilichofuata, kwa hiyo Bliss OS ya sasa haitawaka kwenye Core 2 Duo. Kwa upande wa AMD, Phenom na Athlon II nazo zimo kwenye kundi hilo hilo. Kama hujui prosesa yako ina nini, ukiwa Windows tumia programu ya CPU-Z utazame safu ya maagizo (Instructions). Ukiwa Linux andika:

grep -o sse4_2 /proc/cpuinfo | head -1

Ikirudisha neno, una kibali. Ikinyamaza, Bliss OS iache. Waydroid ina ustaarabu zaidi hapa: ikikuta prosesa ya biti 64 isiyo na SSE4.2, inarudi yenyewe kwenye Android ya biti 32. Android-x86 haina maswali mengi, na ina faili la ISO (faili la kusakinishia) la biti 32 kwa zile laptopu ndogo za Atom zilizosahaulika kabatini.

Kadi ya picha ndiyo inayowakwamisha watu wengi zaidi, na inasemwa kidogo kuliko inavyostahili. Intel ni salama kwenye zote tatu. AMD pia, hasa kwa Bliss OS na Waydroid. Nvidia ni habari nyingine. Android-x86 na Bliss OS zinategemea draiva huria ya Nvidia, na kwa kadi nyingi matokeo yake ni skrini nyeusi au mwendo wa kujikokota. Waydroid nayo haipatani na draiva rasmi ya Nvidia. Inabidi uitumie kadi ya Intel iliyomo kwenye prosesa, kama mashine yako ina zote mbili, au ukubali picha zichorwe na prosesa yenyewe, kitu ambacho kwa video ni mateso.

Kwa waifai, jina la kuliogopa ni Broadcom. Baadhi ya kadi zake zinahitaji draiva isiyo huria, na hapo ndipo matatizo huanza. Kwa Waydroid suala hilo halipo, maana Linux ikishashika mtandao, Android inaukuta tayari.

Programu za ARM: je, zitawaka?

Programu ya Android inaweza kuwa imeandikwa kwa Java au Kotlin tupu, na hiyo inakwenda popote. Lakini nyingi, hasa michezo na za kuhariri video, hubeba vipande vilivyotengenezwa kwa ajili ya prosesa za ARM pekee. Kwenye Intel au AMD vipande hivyo vinahitaji mkalimani.

Mkalimani wa Android-x86 ni Houdini ya Intel, na unaiwasha kwenye mipangilio. Bliss OS huja na mkalimani ndani, ndiyo maana mtu akiiweka mara ya kwanza huona programu nyingi zaidi zinakubali bila kuhangaika. Waydroid haiji nayo. Unaiongeza mwenyewe kwa skripti iliyotengenezwa na watumiaji wake, ukichagua kati ya libhoudini ya Intel na libndk ya Google. Wenye AMD wengi huona libndk inakwenda vizuri zaidi. Wakalimani hawa wenyewe si wa chanzo huria. Anayetaka mfumo huria mtupu ajue anakosa programu kadhaa.

Hata ukalimani ukifanya kazi, michezo mikubwa ya mashindano ina ulinzi unaotambua kwamba haiko kwenye simu na kukufungia nje. Kama lengo lako ni hilo, usipoteze wikendi yako.

Kusakinisha: hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa macho

Android-x86 na Bliss OS zinafanana mno hapa. Unapakua faili la ISO, unalihakiki kwa SHA256 (alama inayoonyesha faili limefika zima), unaliandika kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher. Unazima Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, kwenye mipangilio ya BIOS. Unawasha mashine kwa flashi: Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc kisha F9.

Ngoja kidogo kabla ya kugusa Secure Boot. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa diski, kuizima Secure Boot kunaweza kukuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandike mahali kwanza, au zima BitLocker kabisa. Na kama unataka Windows ibaki kando, zima pia ile kuwaka kwa haraka kwa Windows (Fast Startup), maana inaiacha diski nusu wazi na mfumo mwingine ukiigusa unaweza kuharibu mafaili.

Menyu ya kwanza inakupa nafasi ya kujaribu bila kusakinisha. Ichukue. Kila unachofanya hapo kinakaa kwenye RAM na kinapotea ukizima, kwa hiyo huna cha kuogopa. Jaribu waifai. Cheza video na usikilize sauti. Punguza mwanga wa skrini. Kisha funga kifuniko, ngoja kidogo, fungua. Android za kompyuta zina tabia ya kulala zisiamke, na ni afadhali ulijue hilo kabla diski haijaguswa. Ukikuta skrini nyeusi tangu mwanzo, rudi kwenye menyu, bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa kerneli, ujaribu tena. Ikiwaka kwa njia hiyo tu, jua kadi yako ya picha haifanyi kazi ipasavyo, na utakaoishi nao ni mwendo huo huo wa polepole.

Ukiridhika, kisakinishi ni skrini ya maandishi, bila kipanya. Kinakuorodheshea patisheni, yaani vigawanyo vya diski: sda1, sda2 na kuendelea. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu majina hayo hayakuambii ipi ina Windows, tazama ukubwa. Kisha kinauliza aina ya mfumo wa mafaili. Chagua ext4 kwa patisheni mpya uliyoiandaa. Ukichagua NTFS, yaani kuweka Android ndani ya patisheni ya Windows, kitakutengenezea faili moja kubwa la data na kukuuliza ukubwa wake. Inafaa kwa majaribio, lakini ni nzito na inajaa. Swali linalofuata ni kuhusu GRUB: kubali, la sivyo hutaona menyu ya kuchagua mfumo. Mwisho kinauliza kama folda ya mfumo iwe ya kuandikika. Kwa mtu wa kawaida, kukataa ni salama zaidi.

Siku ukitaka toleo jipya, unarudia safari ile ile, ila unachagua kutoiformati upya patisheni, na data yako inabaki. Hata hivyo fanya bekapu.

Waydroid haina flashi yake wala menyu ya GRUB. Kwa Ubuntu unaongeza hazina yao ya programu, unasakinisha kwa apt, kisha:

sudo waydroid init -s GAPPS
waydroid show-full-ui

Amri ya kwanza inapakua Android yenye Play Store, kwa hiyo andaa bando la kutosha. Ya pili inaifungua. Ukitaka kila programu ya Android ijitokeze kwenye dirisha lake kama programu ya Linux, kuna mpangilio mmoja wa kuwasha:

waydroid prop set persist.waydroid.multi_windows true

Hili kwangu ndilo linaloipa Waydroid alama kubwa kuliko zote. Programu za simu zimechorwa kwa skrini iliyosimama. Kwenye Android-x86, baadhi zikifunguka huigeuza skrini nzima ubavu na kukuacha ukipinda shingo. Kwenye Waydroid inabaki dirisha moja jembamba pembeni, huku unaandika kazi yako kwenye LibreOffice.

Masharti yake ni mawili. La kwanza ni kerneli yenye binder, njia ambayo sehemu za Android huitumia kuwasiliana, na Ubuntu inayo. La pili ni kikao cha Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha. Ubuntu tangu 22.04 inaingia Wayland yenyewe, ila kwa baadhi ya mashine za Nvidia. Linux Mint, ambayo wengi huipenda kwa laptopu kuukuu, bado inaegemea X11, ule mfumo wa zamani. Wayland yake ilianza kama jaribio kwenye 21.3. Mwenye Mint atafika, lakini kwa kuzunguka.

Kusasisha ni amri moja, sudo waydroid upgrade. Ukiichoka, unaifuta, Linux inabaki vile vile. Hakuna patisheni iliyohatarishwa.

Usalama

Android 9 ilishaachwa na Google kwa upande wa viraka vya usalama. Zaidi ya hapo, Chrome 138 ndiyo ya mwisho inayokubali Android 9. Maana yake, Android-x86 leo ni mfumo wa kuchezea video zilizomo kwenye diski, kusomea PDF, kumpa mtoto programu za kujifunza bila intaneti. Kuingia barua pepe na akaunti zako muhimu humo sikushauri, hata kama mashine inakwenda vizuri.

Bliss OS iko mbele zaidi, lakini ni kazi ya watu wachache wanaojitolea, na viraka vinafika pale toleo jipya linapofika. Kwa Waydroid, angalau kerneli na kivinjari vinasasishwa na Linux yenyewe mara kwa mara. Kivinjari cha mambo ya maana unakitumia upande wa Linux, Android inabaki kwa zile programu zisizo na njia nyingine.

Benki, M-Pesa na filamu

Hapa zote tatu zinafeli kwa karibu kiwango kimoja. Menyu ya M-Pesa inakaa kwenye laini, na laptopu haina pa kuitia laini ikafanya kazi ya simu. Programu nyingi za benki huuliza Google kama kifaa kimeidhinishwa, na hizi hazijaidhinishwa. Play Store yenyewe inaweza kukuonyesha ujumbe kwamba kifaa hakijathibitishwa. Kwa Waydroid kuna namba ya kifaa unayoisajili kwenye ukurasa maalumu wa Google, halafu Play Store inafunguka. Kufunguka kwa Play Store hakuifanyi benki ikubali.

Filamu za kulipia nazo hazitakupa picha ya HD, kwa sababu ulinzi wa Widevine wa daraja la juu haupo kwenye mashine hizi. Kivinjari ni njia bora. WhatsApp vilevile: ile ya kivinjari inatosha, huhitaji Android kwa hilo.

Zinazochanganywa na hizi

ChromeOS Flex ya Google, iliyotolewa rasmi Julai 2022, inaamsha laptopu kuukuu vizuri sana, lakini haina Play Store wala programu za Android. Watu wanaipakua wakidhani ni Android. Ile Android ya ndani ya Windows 11 Microsoft iliizima Machi 2025. Emuleta za aina ya BlueStacks si za chanzo huria, na zinataka Windows yenye nguvu chini yake. Kuiweka Bliss OS ndani ya VirtualBox kunafaa kwa kuchungulia tu, picha zinakwama.

Nani achukue ipi

Mwenye Core i5 ya Intel, RAM ya GB 8 na hitaji la programu mbili tatu za Android: weka Ubuntu, kisha Waydroid. Sioni sababu ya kumpeleka kwingine.

Mwenye laptopu ya skrini ya kugusa, au anayetaka mashine ya sebuleni inayoonekana kama tableti, ya watoto au ya wazee wasiotaka kujua Linux ni nini: Bliss OS, familia ya 15 au 16, baada ya kujaribiwa kwa flashi. GB 4 za RAM zinamtosha, na mkalimani wa ARM anaukuta ndani.

Mwenye Core 2 Duo au Atom, RAM ya GB 2: Android-x86, nje ya mtandao kadiri iwezekanavyo. Akihitaji intaneti kila siku, Linux nyepesi kama Lubuntu itamtunza vizuri zaidi kuliko Android yoyote, alimradi prosesa ni ya biti 64.

Mwenye Nvidia peke yake bila kadi ya Intel au AMD ndani: aende na Linux tupu yenye draiva rasmi, na zile programu za Android aziache kwenye simu. Kuna scrcpy, programu huria inayoileta skrini ya simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kibodi inaandika moja kwa moja kwenye simu. Benki inakubali, laini imo, na diski ya laptopu haijaguswa.